Je, Wajua? Spika Isiyo na Waya na Waya Zake

Je, wajua kwamba Bang & Olufsen ya Denmark, ambayo leo huuza spika zisizo na waya kwa bei inayotosha kununulia gari, ilianza kwa kuiletea redio waya? Mwaka 1925 Peter Bang na Svend Olufsen walikuwa wakifanya kazi darini, nyumbani kwa wazazi wa Olufsen karibu na mji wa Struer. Redio za wakati huo zilitegemea betri. Chombo chao cha kwanza sokoni, Eliminator, kiliziondoa betri hizo na kuifanya redio ichomekwe ukutani. Karne imepita, na waya huo wa ukutani ndio pekee uliobaki. Spika za leo za sebuleni zimeachana na waya wa muziki, ila wa umeme kila moja inao wake, kwa sababu amplifaya imehamia ndani ya boksi. Ndiyo maana anayenunua jozi ya kifahari huishia kutafuta ekstensheni: sebule nyingi zina soketi nyuma ya televisheni, si kwenye kona mbili anazozitaka yeye. Na yuniti za umeme wa LUKU zikiisha katikati ya wimbo, ufahari wote unanyamaza sawa na redio ya jirani.

Je, wajua kwamba Bluetooth ni jina la mfalme? Harald, aliyetawala Denmark katika karne ya 10, alipewa lakabu yenye maana ya jino la buluu, na anakumbukwa kwa kuwaunganisha Wadenmark. Mwaka 1997 Jim Kardach wa Intel alilipendekeza jina hilo litumike kwa muda tu, mpaka wauza bidhaa wapate lililo bora. Hawakulipata. Ile alama iliyo kwenye simu yako ni herufi mbili za kale za Skandinavia, H na B, zilizobebana.

Mfalme huyo ana makazi yenye msongamano. Bluetooth husafiri kwenye masafa ya gigahezi 2.4, na humohumo ndimo ilimo WiFi ya nyumba nyingi, bila kusahau oveni ya maikrowevu inayovujisha kidogo pale jikoni. Bluetooth haizibwi mdomo kwa sababu haitulii: eneo lake limegawanywa katika chaneli 79, nayo huruka kutoka moja hadi nyingine mara 1,600 kwa sekunde. Wazo la kurukaruka hivi lina historia ya kuchekesha. Mwaka 1942 mwigizaji wa filamu Hedy Lamarr na mtunzi wa muziki George Antheil walipewa hataza Marekani ya kuongoza topido kwa redio inayobadilisha masafa, ili adui asiweze kuivuruga. Antheil alikuwa amezoea piano zinazojipiga zenyewe kwa karatasi yenye matundu, kwa hiyo mtambo wao nao ulitumia karatasi za matundu, na masafa yangeweza kufika 88, idadi ya vibonye vya piano. Jeshi la majini liliiweka kabatini. Hawakuwa wa kwanza duniani kuwaza hivyo, lakini sijui wengine waliofika hapo kwa kupitia piano.

Kama muziki unakatika kila mtu anapopita mbele ya spika, usiilaumu spika. Mwili wa binadamu umejaa maji, na maji hunywa mawimbi ya gigahezi 2.4.

Je, umewahi kutazama mpira kwa spika ya Bluetooth ukaona mchezaji amekwisha kupiga ndipo kishindo kinafuata? Sauti hufungashwa, hurushwa, hupokelewa, hufunguliwa, na shughuli hiyo huweza kula sehemu ya tano ya sekunde. Kwa muda huo sauti ya kawaida hewani hutembea karibu mita 69, yaani umeketi kwenye kochi lako lakini masikio yako yako upande wa pili wa uwanja, kwa upana wake. Dawa ni waya kutoka kwenye televisheni. Samahani.

Lakini kitu kinachoamua zaidi jinsi spika itakavyosikika ni chumba, na hapo pesa haisaidii kama watu wanavyodhani. Uzi mnene kuliko wote wa gitaa la besi la kawaida hutetema mara 41 kwa sekunde, na wimbi lake moja lina urefu wa zaidi ya mita 8. Liingize katika sebule ya mita 4 yenye kuta za saruji. Linagonga ukuta, linarudi, linakutana na linalokuja; kwenye kuta besi inafura na katikati ya chumba inafifia. Wawili wanaosikiliza wimbo mmoja, mmoja kaegemea ukuta na mwingine kaketi kwenye zulia, wanaweza kubishana kuhusu besi na wote wakawa wakweli. Ukiisukuma spika konani, besi inaongezeka bure. Spika nyingi za bei kubwa hukisikiliza chumba kwa maikrofoni na kujirekebisha: zinaweza kupunguza pale besi ilipofura, ila pale mawimbi yanapouana haziwezi kujaza, kwani ukiongeza nguvu unayaongeza yote mawili. Kusogeza kochi nusu mita hufanya kazi zaidi. Kwa sauti nyembamba zinazoruka kwenye vigae, pazia zito na zulia vinatosha.

Spika ya zamani ya waya huzeeka kwa mwili: ule mduara wa sponji unaoshika koni huoza, na fundi redio anabandika mwingine. Hii mpya inaweza kuugua bila skrubu kulegea. Mei 2024 kampuni ya Sonos ya California ilitoa programu mpya ya simu ambayo haikuwa na baadhi ya huduma walizozizoea wateja, ikiwemo kuweka kengele ya kuamshia. Spika zilezile, kwenye rafu zilezile, ghafla zikawa ugomvi. Januari 2025 mkuu wa kampuni, Patrick Spence, akaondoka.

Na KEF ya Uingereza ina jozi iitwayo LS50 Wireless II. Spika zake mbili huzungumza hewani kwa ubora wa hadi kilohezi 96. Ukitaka 192, unaziunganisha kwa waya.