Dripu, Maji na Mshipa: Maelezo ya Istilahi za Tiba ya Kutundikiwa Maji

Katika kazi ya kukusanya istilahi za tiba, afisa wa lugha hukutana na maneno ya namna mbili. Yako yale yanayongoja kuundwa, na yako yale ambayo wananchi wamekwisha kuyaunda au kuyapokea zamani, nayo yanangoja kuandikwa tu. "Dripu" ni neno la namna hii ya pili. Halikutoka katika kikao chochote cha kamati. Lilitoka wodini, likapita sokoni, likaingia majumbani, na leo hapana mji wa pwani ambako mtu akisema "mgonjwa ametundikiwa dripu" ataulizwa maana yake. Makala haya yanakusudia kueleza kitu chenyewe, yaani kilichomo chupani, kazi yake na hatari zake, na papo hapo kuyapima maneno tunayoyatumia kukitaja. Tumeona kwa macho kwamba neno lisilofaa laweza kumchelewesha mgonjwa sawasawa na dawa iliyokosekana.

Jambo hilo lilitukia Mikindani, tulipokuwa tukikusanya maneno ya uvuvi na ya mashamba ya chumvi. Mzee mmoja mwenyeji wetu alishikwa na tumbo la kuendesha usiku kucha, na asubuhi tukampeleka kwenye kituo cha afya. Macho yalikuwa yamedidimia na ngozi ya tumbo ikifinywa ilikawia kurudi. Mganga kijana, ambaye hakuwa mtu wa pwani, alimwamkia kwa adabu kisha akamwambia, "Mzee wangu, maji yamekupungua, inatubidi tukutie maji kwenye mshipa." Mzee akakataa katakata. Akabembelezwa, akakataa. Mwishowe akamvuta mjukuu wake, akamnong'oneza, "Mshipa wangu umejaa maji miaka hii yote, nao wanataka kuongeza mengine?" Mjukuu, msichana wa darasa la sita, ndiye aliyeutatua mkasa: "Babu, si huko. Ni dripu, ya mkononi." Mzee akaunyosha mkono. Hata hivyo karibu saa nzima ilikuwa imekwisha kupotea.

Msomaji wa bara huenda asielewe mara moja kilichomtisha mzee yule. Katika Kiswahili cha pwani mshipa si njia ya damu peke yake. Ni njia ya damu, ni neva, ni kano la mguu, na pia ni ugonjwa: mtu "mwenye mshipa" ni mwenye ngiri au mwenye busha. Pwani ya kusini ni nchi ambayo matende na mabusha yameisumbua kwa vizazi vingi, na busha ni mfuko uliojaa maji. Kwa hiyo "kutiwa maji kwenye mshipa", kwa masikio ya mzee wa Mikindani, ilikuwa ni kuzidishiwa maradhi aliyokuwa akiyaficha chini ya kikoi. Mganga hakukosea Kiswahili, na mzee hakuwa mjinga. Neno moja lilikuwa limebeba mizigo minne, na hapana aliyeupunguza.

Vitabu vya shule vimekwisha kutenganisha "ateri", inayotoa damu moyoni, na "vena", inayoirudisha. Dripu hutiwa katika vena, kwa kuwa vena ziko karibu na ngozi, kuta zake ni laini, na msukumo wa damu ndani yake ni mdogo, hata maji yakaweza kuteremka kwa uzito wake yenyewe kutoka katika chupa iliyotundikwa juu. Ndiyo sababu ya kutundika, na ndiyo asili ya kitenzi "kutundikiwa", ambacho kwa maoni yetu ni miongoni mwa vitenzi vizuri vilivyozaliwa wodini. Mbele ya mgonjwa, lakini, "vena" halitoshi. Yafaa isemwe "mshipa wa damu wa mkononi", maneno yote matano, wala yasifupishwe.

Sasa tuje kwenye maji yenyewe, kwa kuwa neno "maji" nalo lina udanganyifu wake. Kilichomo chupani si maji matupu. Maji matupu yakiingia katika damu kwa wingi, huingia ndani ya chembe nyekundu, nazo huvimba na kupasuka. Maji safi kuliko yote duniani yaweza kumwua mtu kwa njia hiyo. Ni lazima yawe na kitu kilichoyeyushwa, kwa kiasi kinacholingana na damu. Dripu ya chumvi ya kawaida ina gramu 9 za chumvi katika kila lita. Wenyeji wa Mikindani, wanaoyaona maji ya bahari yakikaushwa na jua katika mashamba ya chumvi, watauelewa upesi mlinganisho huu: lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi, yaani karibu mara nne ya ile ya dripu. Maji ya bahari huzinyausha chembe za damu, maji matupu huzipasua, na dripu hupita katikati.

Dripu ya pili ijulikanayo sana ni ya sukari, yaani glukosi, ambayo wauguzi huiita dekstrosi. Ile ya asilimia 5 ina gramu 50 za sukari kwa lita. Ya tatu ni Ringer lakteti, iliyopewa jina la Sydney Ringer, mtaalamu wa Uingereza wa karne ya 19, na kukamilishwa baadaye na daktari wa watoto wa Marekani, Alexis Hartmann. Hiyo ina sodiamu, potasiamu, kalisi, kloridi na lakteti, nayo ndiyo iliyo karibu zaidi na maji ya damu yetu.

Historia ya tiba hii ni historia ya kipindupindu. Mwaka 1832 daktari Thomas Latta wa Leith, Uskochi, aliwatia wagonjwa wa kipindupindu maji yenye chumvi katika vena. Alifuata uchunguzi wa W. B. O'Shaughnessy, aliyekuwa ameonyesha kwamba damu ya wagonjwa hao imepoteza maji na chumvi. Baadhi yao waliokuwa wamekata kauli waliinuka na kusema. Lakini vyombo havikuwa vimetakaswa, na wazo likaachwa kwa miaka mingi. Kwa hiyo ugonjwa huo ulipoipiga Unguja mwaka 1869 na 1870, mlipuko ambao daktari James Christie aliuandika katika kitabu chake cha 1876, watu walikufa kwa kukaukiwa ilhali dawa yao ilikwisha kujulikana kwa zaidi ya miaka thelathini. Katika Tanzania yetu kipindupindu kimerudi mara nyingi tangu miaka ya 1970, na mlipuko mkubwa ulianza Dar es Salaam mwezi wa Agosti 2015.

Mgonjwa wa namna hiyo aliyekaukiwa kabisa huhitaji mililita 100 za Ringer lakteti kwa kila kilo ya uzito wake. Mtu wa kilo 50, basi, hupewa lita 5 katika muda wa saa 3, na katika hizo lita moja na nusu huingia katika nusu saa ya kwanza. Mtoto mchanga wa chini ya mwaka hupewa kipimo kile kile kwa kila kilo, ila kwa mwendo wa saa 6. Aliyekaukiwa kidogo na anayeweza kunywa hahitaji kutundikiwa. Humtosha maji ya chumvi na sukari ya pakiti, kwa sababu utumbo huipokea chumvi vizuri zaidi ikiandamana na sukari. Yule mzee wetu alitundikiwa asubuhi, na alasiri akapewa kikombe.

Hapa tuseme neno juu ya dripu na malaria, kwa kuwa ndiko desturi ilikojengeka. Kwa miaka mingi malaria kali ilitibiwa kwa kwinini iliyochanganywa katika dripu ya sukari na kuteremshwa polepole kwa muda wa saa 4. Kwinini ikiingizwa kwa haraka huudhuru moyo na kuteremsha msukumo wa damu. Pia hupunguza sukari mwilini, na ndiyo maana ya kuitia katika glukosi. Tangu 2011 Shirika la Afya Duniani limependekeza kwamba hata watoto wa Afrika wenye malaria kali watibiwe kwa sindano ya atesuneti, ambayo haihitaji chupa. Lakini jamaa wengi bado huuliza, "Mbona hamkumtundikia dripu?" kana kwamba mgonjwa amedhulumiwa.

Mwaka huo huo wa 2011 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko mbaya wa damu. Waliomiminiwa maji mengi kwa haraka walifariki kiasi cha 10.6 kwa mia katika saa 48 za kwanza, wasiomiminiwa, 7.3 kwa mia. Watoto wa kuharisha hawakuwamo katika utafiti huo, na kwao maji yanabaki kuwa uhai. Wataalamu wengi walistaajabu. Sisi wa lugha tuliona jambo jingine: msemo "kuongezewa maji" unachukulia kwamba maji yamepungua, ilhali mtoto mwenye homa na upungufu wa damu huenda hakupungukiwa na maji hata kidogo.

Msemo wa hatari zaidi ni "dripu ya nguvu". Mtu amechoka kwa kazi za msimu wa korosho, anakwenda dukani au kwa mganga asiye na cheti, anatundikiwa chupa ya sukari na kulipa fedha nyingi. Lita nzima ya glukosi ya asilimia 5 ina sukari ya vijiko kumi hivi vya chai. Sahani ya ugali na samaki ina nguvu zaidi, wala haimpitishii mtu sindano. Tumeulizwa pia kuhusu madafu. Ni kweli kwamba maji ya dafu yamewahi kutiwa mshipani wakati wa dharura. Tukio la namna hiyo katika Visiwa vya Solomon liliandikwa katika jarida la udaktari mwaka 2000. Lakini dafu lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, kinyume cha damu, na potasiamu ikizidi husimamisha moyo. Dafu linywewe.

Kuhusu usalama, mambo mengi hutegemea tone. Mpira wa kawaida hutoa matone 20 kwa kila mililita. Mpira wa watoto hutoa 60. Ikitakiwa lita moja iishe kwa saa 8, yaani matone 20,000 kwa dakika 480, yahesabiwe matone 42 kwa dakika. Anayedhani ana mpira wa watoto, naye ameshika ule wa kawaida, atamtia mgonjwa maji mara tatu ya kipimo. Maji yakizidi mapafu hujaa, mgonjwa hukohoa na kukosa pumzi, na hapo mpira hubanwa mara moja na muuguzi huitwa. Mkono ukivimba na kuuma pale kanula ilipoingia, maji yamekosa njia. Chupa yenye wingu au vumbi ndani, inayovuja, au iliyopitiwa na tarehe, hutupwa. Potasiamu haisukumwi kwa sindano kamwe. Seftriaksoni, dawa iliyoenea sana siku hizi, haichanganywi na Ringer lakteti, kwa kuwa hugandamana na kalisi iliyomo. Viputo vidogo vya hewa ambavyo jamaa huviogopa mno kwa kawaida havina madhara. Hewa nyingi ndiyo ya kuogopwa.

Wako waliopendekeza kwamba "dripu" iondolewe na kuwekwa neno la Kibantu kutokana na "tona", kama "kitoneshi" au "utoneshaji". Hatuafiki. Pwani "kutona" ni kutia hina, na "kutonesha" ni kukigusa kidonda hata kikauma upya. Mgonjwa akiambiwa atatoneshwa atakuwa na haki ya kukimbia. "Dripu" na libaki, na kitenzi chake kiwe "kutundikiwa". "Kitoneshi" chaweza kupewa kile kikombe kidogo ambamo matone huhesabiwa, ambacho hadi sasa hakina jina, na ambacho hakimgusi mgonjwa.

Yule mzee alipotoka, majirani walimwuliza ametibiwa kwa nini, akawajibu kwamba ametiwa "maji ya mkono". Tumeyaandika maneno hayo kwenye kadi na kuiweka pamoja na zile zinazongoja kikao.