Garanti ya nyumba Likasi: mambo ya kuangalia mbele ya kulipa

Wandugu, mwezi wa kumi ukikaribia wengi wananiuliza namna ya kupata chumba huku Likasi. Hapa si kama Lubumbashi. Vyumba vingi vya wanafunzi ni anexe, nyuma ya nyumba kubwa, na bayeri anaishi palepale kwenye parsele. Mukikosana, mutaonana kila asubuhi kwenye robine. Ndiyo maana maneno ya franka yaishe mbele ya kuingia.

Garanti ndiyo inaumiza. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi 3. Lakini utasikia wanaomba 6, na komisionere naye anataka mwezi wake. Tuseme chumba ni dola 30: garanti 180, komisionere 30, jumla 210, na hata godoro haujanunua. Kwa kufuata sheria ingekuwa 120. Kwa kweli, kumuwekea bayeri sheria usoni siku ya kwanza hakusaidii sana, ataita mwingine. Mimi niliomba garanti ya miezi 3 na nikalipa loyi ya mwezi wa kwanza papo hapo, akakubali. Ilikuwa wakati wa likizo, vyumba viko vitupu.

Garanti si loyi. Ni feza yako inayolala kwa mtu mwingine, kwa hiyo inaomba kontra: kiasi, tarehe, kama ni dola ao franka, na kama ni franka, kwa bei gani ya kubadilisha.

Rafiki niliyekaa naye parsele moja alitoka kisha miaka miwili bila kurudishiwa hata dola moja. Bayeri alisema ni deni la umeme. Ile fakitire ilikuwa ya parsele nzima, nyumba nne! Lakini hakuna karatasi iliyoonyesha deni lilikuwa ngapi siku alipoingia. Basi, omba kuona fakitire za mwisho za SNEL na REGIDESO, na muandike kwenye kontra namna ya kugawana. Piga picha za serire, vioo na ukuta, bayeri akiwa hapo.

Tena, tunatafuta vyumba wakati mvua bado, na kila nyumba inaonekana nzuri. Inua macho kwenye plafo: alama za manjano ni malata yanayovuja. Uliza jirani. Komisionere hatakuambia, yeye anangojea mwezi wake.

Bayeri akikataa kurudisha garanti, kuna ofisi ya Habitat kwenye komine, wanaita pande zote mbili. Uende na kontra, risiti za loyi na zile picha. Bila hizo watakusikiliza vizuri tu, halafu utarudi nyumbani.