Kilombero na Miradi ya Walimwengu

Bonde la Kilombero limepokea wageni wa kila itikadi. Wakapuchini wa Uswisi walikuja na hospitali, Wachina wakaja na reli, Wakorea Kaskazini na shamba la mpunga, Benki ya Dunia na Sweden na bwawa la Kidatu. Mwaka 1998 kampuni ya Illovo ya Afrika Kusini ikachukua viwanda vya sukari, na baadaye fedha za Norway zikatua Mngeta. Wakubwa wanapokutana kujadili kama mataifa kutegemeana kunaleta amani na neema, watu wa Ifakara hawana haja ya nadharia. Majibu wanayo, na hayafanani.

Tuanze na reli. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia, ambayo shaba yake ilikuwa inapita huko, ikajikuta imekabwa koo. Benki ya Dunia ilikwishasema reli ya kwenda Dar es Salaam haitalipa. China ikakubali kuijenga. Mkataba ulitiwa saini Beijing Septemba 1967, kazi ikaanza 1970 kwa mkopo wa yuani milioni 988 usio na riba, na Julai 1976 kilomita 1,860 zikakabidhiwa kwa Tanzania na Zambia. Sehemu kubwa ya gharama za ndani ililipwa kwa bidhaa za Kichina zilizouzwa katika maduka ya nchi zetu, kwa hiyo mwananchi aliyenunua kitu cha Kichina dukani alikuwa anachangia mishahara ya vibarua waliokuwa wakipasua milima kati ya Mlimba na Makambako. Makaburi ya Wachina waliofia kazi hiyo yako Gongo la Mboto mpaka leo.

Mwaka 1977/78 reli hiyo, TAZARA, ilibeba tani milioni 1.27 za mizigo. Mwaka 2014/15 haikufikisha hata tani 100,000. Injini zilichoka, uongozi uliyumba, malori yakajaa barabarani. Lakini kuna sababu nyingine ambayo haitajwi sana, nayo ni amani. Zimbabwe ilipata uhuru 1980, ubaguzi wa rangi Afrika Kusini ukaanguka 1994, na njia za kusini zikafunguka tena. Reli iliyozaliwa na uhasama ikanyang'anywa mizigo na amani. Mimi sioni hasara hapo. Wale waliodai kwamba haitalipa hawakuwa na mahali pa kuandika faida ya namna hiyo kwenye vitabu vyao.

Faida nyingine ilijitokeza Kilombero, na haikuwamo kwenye mchoro wa mtu yeyote Beijing wala Lusaka. Miaka ya vijiji vya ujamaa watu wengi waliwekwa kando ya reli. Wakaanza kuitumia wanavyotaka wao. Treni ndogo ya kati ya Kidatu na Makambako, ambayo watu waliiita Kipisi, ilisimama kwenye vituo ambavyo msafiri wa Dar hajui hata majina yake, ikapakia mpunga, mchele na mikungu ya ndizi. Masika yanapofunika bonde na barabara kugeuka tope, treni ndiyo iliyobaki. Mama aliyekuwa na magunia mawili Mbingu aliweza kufuata bei nzuri badala ya kumsubiri mnunuzi amkute nyumbani na lumbesa yake. Ndiyo maana huduma za vituo vidogo zilipopunguzwa, wakazi walilalamika kwa nguvu, wakikumbusha kwamba reli hii waliambiwa ni ya wananchi. Walikuwa na haki.

Mngeta mambo yalikwenda vingine. Shamba lile la hekta 5,818 lilianza miaka ya 1980 kwa ubia wa serikali yetu na Korea Kaskazini, likaachwa, watu wakaingia kulima na kuishi. Kisha Mamlaka ya Uendelezaji wa Bonde la Mto Rufiji, RUBADA, ikaingia ubia na kampuni ya Agrica ya Uingereza, ikazaliwa Kilombero Plantations. Mwaka 2010 mfuko wa serikali ya Norway, Norfund, ukaweka mtaji. Mwaka huohuo mpango wa kilimo wa SAGCOT ulizinduliwa Dar es Salaam, na Mngeta ikawa shamba la kuonyeshwa wageni. Waliohamishwa kupisha shamba walilalamikia fidia. Shirika la Oakland Institute la Marekani lilichapisha malalamiko hayo mwaka 2015, kampuni ikayakana.

Katika shamba hilo kulikuwa na jambo moja jema sana, kilimo shadidi cha mpunga. Mkulima aliyezoea kumwaga mbegu alifundishwa kung'oa mche kitaluni ungali na siku nane hadi kumi na mbili, kuupanda mmoja mmoja kwa kamba yenye mafundo, sentimita 25 kwa 25, na kupalilia mapema. Mwanzoni shamba linaonekana kama halina kitu, na jirani anakucheka. Wiki chache baadaye kila shina limetoa machipukizi. Maelfu ya kaya zilifundishwa, na mavuno yakapanda.

Kisha mwaka 2013 mchele wa Asia uliingizwa nchini bila ushuru, wakati ushuru wa Afrika Mashariki ulikuwa asilimia 75. Bei ya mpunga ikaporomoka bondeni. Aliyevuna kwa kilimo shadidi na aliyemwaga mbegu waliumia pamoja, na uamuzi ule hakuna aliyewauliza. Kampuni nayo ililemewa na mikopo, na kufikia 2019 ilikuwa imewekwa chini ya msimamizi wa wadai. Mtaji uliyeyuka. Ujuzi wa kupanda kwa kamba ulibaki, kwa sababu ulikuwa umeshahamia mikononi mwa wakulima.

Hapo ndipo naona tofauti yenyewe, kati ya kinachopita na kinachobaki mikononi mwa wenyeji, na Ifakara mjini inaonekana wazi zaidi. Mwaka 1957 Rudolf Geigy wa Basel alifungua maabara ndogo ya Taasisi ya Tiba za Kitropiki ya Uswisi. Ingeweza kubaki kambi ya Wazungu wa kukusanya mbu. Lakini Waswisi walikaa, wakafundisha waganga, kisha wakaiachia taasisi ikawa ya Kitanzania, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Miaka ya 1990 chanjo ya malaria ya Mkolombia Manuel Patarroyo ilijaribiwa Idete kwa watoto zaidi ya 500. Matokeo ya kwanza yalitia moyo, majaribio ya kwingineko yakaonyesha haifai, na ukweli huo ukachapishwa. Ukaja mradi wa vyandarua vyenye dawa wa Kilombero na Ulanga, KINET. Mwaka 2001 watafiti walitangaza kwamba nafasi ya mtoto aliyelala ndani ya chandarua hicho kuishi iliongezeka kwa asilimia 27. Mwaka 2004 hati punguzo ya vyandarua ikaanza kuenea nchi nzima, huku kiwanda cha A to Z cha Arusha kikishona vyandarua kwa teknolojia ya Sumitomo ya Japani. Basel, Bogotá, Arusha na Japani zote ziliingia katika kazi hii, na aliyepona ni mtoto wa Idete.

Hata hivyo utafiti wetu wa afya bado unategemea mno mifuko ya nje. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake kwa saini moja. Ushirikiano unaoweza kukatwa asubuhi na mtu mmoja huwezi kuuita kutegemeana, maana anayetegemea ni upande mmoja tu.

Sasa Wachina wanarudi kwenye reli. Septemba 2025 kampuni ya CCECC ilisaini mkataba wa kuifufua na kuiendesha TAZARA kwa miaka 30, kwa uwekezaji wa takribani dola bilioni 1.4. Shaba ya Zambia na Kongo inatakiwa duniani kote, na safari hii mizigo itakuwepo. Nafurahi. Lakini treni ndefu ya shaba haina sababu ya kusimama Chita. Kwa hiyo nawaomba wabunge wa Kilombero na Mlimba, kabla sherehe hazijawa nyingi, waulize bungeni na wapate jibu la maandishi: treni ya abiria itasimama vituo gani vya bonde hili, mara ngapi kwa wiki, na mkulima mwenye magunia mawili atalipa nauli kiasi gani.