Kufuli Linalobadilika Umbo

Homoni ya kike iitwayo estrojeni huingia katika kipokezi chake ndani ya seli kama ufunguo katika kufuli. Lakini kufuli hili hubadilika umbo. Estrojeni ikiingia, kipokezi hujifunga na kuamuru seli zizaliane. Tamoksifeni ikiingia, kifuniko chake husukumwa kando. Katika titi amri hiyo huzuiwa. Ndiyo sababu tunawapa wenye kansa ya titi iliyo na vipokezi hivyo, kwa miaka 5 au zaidi.

Katika mji wa mimba, ambako protini zinazokisaidia kipokezi ni tofauti, dawa hiyo hiyo yaweza kuchochea ukuaji.

Mama, usiache vidonge eti uvimbe umekwisha kuondolewa. Ila ukitokwa damu baada ya kukoma hedhi, usione haya. Njoo tukupime mapema.