Ukuta wa karakana waweza kukuletea maradhi

FUNDI anapofungua karakana, fedha nyingi huishia kwa mashine, vifaa na kodi. Ukuta hufikiriwa mwisho. Ndiyo sababu kuta za karakana nyingi za jua kali huwa zimefunikwa kwa katoni, magunia au vipande vya godoro. Vitu hivi ni vya bei nafuu, lakini huenda gharama yake ikalipwa hospitalini.

Kabla ya kununua chochote, jiulize maswali matatu: Je, kinapanguseka? Je, kinashika moto upesi? Je, kinatoa nini hewani?

Vumbi: Katoni, magunia na trei za mayai havipanguseki. Vumbi hujikusanya humo na kurudi hewani kila upepo unapovuma. Vumbi la mbao huchochea pumu, na wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameliorodhesha miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani, hasa ya pua. Isitoshe, katoni iliyolowa huota ukungu na kuwa makao ya mende na panya.

Moto: Vipande vya godoro huwaka kwa kasi na kutoa moshi wenye kaboni monoksidi na sianidi, ambao unaweza kumuua mtu kabla hajafikiwa na miali. Usivitumie kamwe mahali penye cheche. Hali kadhalika, kupaka mbao oili chafu ili kuzuia mchwa hurahisisha kuenea kwa moto na hudhuru ngozi.

Asbestosi: Usikubali kuuziwa vipande vya paa kuukuu la asbestosi. Vikikatwa au kutobolewa hutoa nyuzi ndogo zisizoonekana ambazo hukwama mapafuni. Saratani inayotokana nazo huweza kujitokeza baada ya miaka 20 au zaidi. Ikiwa tayari vimo ukutani, usivivunje wala kuvisugua. Kazi ya kuviondoa ni ya watu walio na leseni.

Basi fundi asiye na fedha nyingi afanye nini?

Kwanza, si lazima ufunike ukuta wote. Ukuta wa mawe upige plasta laini ya simiti, kisha upake chokaa. Chokaa ni rahisi, haishiki moto, huzuia ukungu na huongeza mwanga. Linda macho na mikono unapoichanganya, kwani huchoma.

Pili, nyuma ya meza ya kazi weka plaiwudi iliyopigwa msasa na kupakwa rangi ya mafuta, ili uweze kuipangusa kwa kitambaa chenye maji. Iinue kidogo kutoka sakafuni isifyonze maji. Chagua rangi isiyo na risasi, hasa ikiwa watoto hufika hapo. Rangi kuukuu usiikwangue ikiwa kavu, ilowanishe kwanza.

Tatu, mahali pa kuchomelea vyuma tumia mabati bapa. Yapake rangi isiyometameta, kwa maana mabati yanayong'aa hurudisha miale ya kuchomelea na kuumiza macho ya wafanyakazi walio karibu.

Hata ukuta bora hauwezi kuchukua mahali pa dirisha. Acha hewa ipite, na upanguse kuta kila wiki badala ya kuzifagia zikiwa kavu. Ukianza kukohoa kila uingiapo kazini na kupata nafuu ukiwa nyumbani, usingoje. Mwone daktari, na umweleze unafanya kazi wapi.