Je, Wajua? Mtoto wa Miwa na Besi Nne

Je, wajua kwamba ukipanda basi la Kampala pale Busia mpakani, kabla hujafika Mukono utapita mji uliotoa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za besiboli ya watoto? Mji huo ni Lugazi. Wengi wetu hatuuoni, kwa kuwa tunatoka kununua mishikaki na gonja pale Najjembe, katika msitu wa Mabira, na Lugazi inapita vinywa vikiwa na kazi.

Wajua Lugazi inakula nini? Miwa. Kiwanda chake cha sukari kilianzishwa na Nanji Kalidas Mehta mwaka 1924. Mtu wa Busibwabo akishuka pale hajihisi mgeni: trekta na tela zake, harufu ya molasi, na watoto wanaochomoa miwa nyuma ya tela huku dereva akijifanya haoni. Sisi tuna kiwanda chetu hapahapa kijijini. Kitu ambacho hatuna ni gongo.

Wajua miwa na besiboli ni marafiki wa siku nyingi? Kule Cuba, viwanda vya sukari vilikuwa na timu zake. Kijiji kinachozunguka kiwanda huitwa batey, na mwisho wa juma wakata miwa walikuwa wakiweka panga chini na kushika gongo. Mimi nadhani mkono ulikuwa umeshazoea; anayefyeka miwa kutwa nzima hahitaji kufundishwa namna ya kuzungusha bega.

Hujui besiboli? Ulicheza raunda shule ya msingi? Basi nusu unaijua. Mrushaji anatupa mpira, mpigaji anaukung'uta, kisha anakimbia kuzunguka besi nne hadi arudi alipoanzia. Tofauti ni kwamba mpira huu ni mgumu, na mrushaji hodari anautupa kwa zaidi ya kilomita 150 kwa saa.

Wajua mechi rasmi ya kwanza ya Cuba ilichezwa lini? Desemba 27, 1874, katika uwanja wa Palmar de Junco mjini Matanzas. Havana iliichapa Matanzas 51 kwa 9. Hata hivyo mkoa huo wa Matanzas ulilipa deni lake baadaye: ndiko alikozaliwa Martín Dihigo, mtu aliyeweza kucheza karibu kila nafasi uwanjani, naye yumo katika kumbi za mashujaa wa besiboli za Cuba, Mexico na Marekani. Na ndiko alikozaliwa huyu ninayemtaka leo.

Je, wajua Minnie Miñoso hakuwa Minnie wala Miñoso? Jina lake lilikuwa Saturnino Orestes Arrieta Armas, mzaliwa wa Perico. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa mashamba ya miwa. Miñoso lilikuwa jina la mume wa kwanza wa mama yake, nao kaka zake wa upande wa mama walikuwa wakijulikana uwanjani kwa jina hilo. Watu walipomwona naye anacheza wakamwita Miñoso, akanyamaza, likakwama. Kwetu mambo haya hayashangazi. Nani hapa hana jina la kitambulisho na jina la nyumbani?

Alizaliwa mwaka gani? Hapo ndipo utamu ulipo. Vitabu vya takwimu vimewahi kuandika 1922, 1923 na 1925. Yeye mwenyewe alishikilia 1925. Siku hizi wengi wanaandika Novemba 29, 1923. Tuweke 1923, na ukumbuke habari hii ya umri, maana tutairudia.

Wajua alianza Marekani katika ligi ya watu weusi, kwa sababu ligi kuu zilikuwa zimewafungia mlango? Timu yake iliitwa New York Cubans, na mwaka 1947 ilitwaa ubingwa wa ligi hizo. Mwaka huohuo Jackie Robinson alivunja ukuta wa ubaguzi katika ligi kuu. Miñoso akafuata Aprili 1949 na timu ya Cleveland, akawa Mcuba mweusi wa kwanza kucheza huko.

Mei 1, 1951 alivaa jezi ya Chicago White Sox kwa mara ya kwanza, mchezaji mweusi wa kwanza katika historia ya klabu hiyo. Zamu yake ya kwanza ya kupiga, dhidi ya Yankees, aliurusha mpira nje ya uzio. Siku hiyohiyo, upande wa pili, kijana mmoja aitwaye Mickey Mantle naye alipiga mpira wake wa kwanza wa kuvuka uzio katika ligi kuu.

Wajua kuna wizi unaoruhusiwa? Unaitwa kuiba besi. Umesimama besi ya kwanza, mrushaji ameangalia kwingine, wewe unachomoka kwenda ya pili kabla hajageuka. Miñoso aliongoza ligi yake kwa wizi huo miaka mitatu mfululizo: besi 31 mwaka 1951, 22 mwaka 1952 na 25 mwaka 1953. Watu wa Busia tusiombe maelezo zaidi. Waliopitisha sukari kwa njia za panya kwa baiskeli, askari akiwa amegeuza shingo, wangeuelewa mchezo huu dakika ya kwanza.

Lakini kilichonishangaza kuliko yote si mbio zake. Sheria inasema mpigaji akigongwa mwilini na mpira wa mrushaji, anapewa besi ya kwanza bure. Miñoso alikuwa akisimama karibu mno na mstari wa mpira, haogopi, harudi nyuma. Misimu 10 aliongoza ligi yake kwa kugongwa. Mwaka 1955 mpira wa Bob Grim wa Yankees ulimpasua fuvu la kichwa. Alipona, akarudi, akasimama palepale. Unaweza kuuita ushujaa. Mama zetu wangeuita kichwa ngumu, na kwa kesi hii sijui kama kuna tofauti.

Glavu ya Dhahabu, tuzo ya wadakaji bora, aliipata mara tatu: 1957, 1959 na 1960. Wacuba walimtungia wimbo wa cha-cha-chá. Jezi yake namba 9 ilistaafishwa na White Sox mwaka 1983.

Je, wajua Cuba ilifuta besiboli ya kulipwa mwaka 1961? Tangu hapo nyota wake walicheza kama wanamichezo wa ridhaa, na wakavuna dhahabu ya Olimpiki 1992, 1996 na 2004. Katika fainali ya 1996 dhidi ya Japani, Omar Linares aliupiga mpira nje ya uzio mara tatu. Huyo naye ni wa kuandikiwa safu yake.

Turudi upande wa pili wa mpaka, Uganda. Wajua Waganda wangeenda Marekani mwaka mmoja kabla ya Lugazi? Mwaka 2011 timu ya watoto ya Kampala iliishinda Saudi Arabia kwenye mashindano ya kufuzu nchini Poland. Halafu ikanyimwa viza. Sababu? Nyaraka za umri hazikulingana. Yaani tatizo lilelile la Miñoso, ila yeye aliachwa acheze. Watoto wa Langley, Kanada, ambao ndio wangekuwa wapinzani wao wa kwanza, walifunga safari wenyewe hadi Uganda Januari 2012. Uganda ikashinda 2 kwa 1.

Agosti 2012 Lugazi ikafika kwenye fainali hizo, mjini Williamsport, Pennsylvania. Ilichapwa na Panama 9 kwa 3, ikachapwa na Mexico 12 kwa 0, kisha ikaifunga Gresham ya Oregon 3 kwa 2. Mwaka 2015 timu nyingine ya Uganda ilirudi kule na kuilaza Jamhuri ya Dominika 4 kwa 1. Dominika, nchi ya miwa yenye nyota wa besiboli hadi vichochoroni! Sijui kwa nini magazeti yetu siku hiyo hayakupiga vigelegele.

Mwafrika wa kwanza ligi kuu? Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, Aprili 26, 2017, akiwa na Pittsburgh Pirates. Alikulia ndani ya jengo la klabu ya besiboli kule Randburg, ambako mama yake alikuwa mtunzaji. Zamu yake ya kwanza aliupiga mpira wa Jon Lester wa Chicago Cubs, mabingwa wa wakati huo, akafika besi.

Waganda je? Mwaka 2022 Los Angeles Dodgers iliwasajili Ben Serunkuma na Umar Male. Pirates nao wakamchukua mrushaji David Matoma. Dennis Kasumba, mdakaji aliyefahamika kwa video za kufanya mazoezi na matairi ya gari, alicheza ligi ya vijana Marekani mwaka 2023. Wote wametoka nchi tunayoiona tukisimama juu ya lori pale forodhani.

Na Miñoso alistaafu lini? Swali gumu. Aliacha ligi kuu 1964. Mwaka 1976 White Sox walimwita tena, akiwa na miaka 52 kwa hesabu yetu, akapiga na kufika besi. Mwaka 1980 akarudi tena. Mwaka 1993 alicheza mechi akiwa na klabu ndogo ya St. Paul Saints. Alifariki Chicago mwaka 2015, na jina lake likaingia Ukumbi wa Mashujaa mwaka 2022, miaka saba baada ya kuzikwa.

Jambo la mwisho. Mwaka 2003, akiwa na miaka 79, St. Paul Saints walimpa gongo kwa mara nyingine. Mrushaji alitupa mipira minne mibaya, na kwa sheria mpigaji wa namna hiyo hapewi tena mpira, anapewa njia. Mzee akaweka gongo chini, akatembea hadi besi ya kwanza.