Fahamu: Somo la Darwin Mbele ya Mahakama za Marekani

Mwaka 1925, huko Dayton, Tennessee, mwalimu John Scopes alitozwa faini ya dola 100 kwa kosa la kufundisha kwamba binadamu ametokana na wanyama wa daraja ya chini, hukumu iliyotanguliwa mwaka 1927, si kwa kuihurumia elimu, la hasha, bali kwa kuwa faini ile ilikadiriwa na jaji peke yake. Na sheria yenyewe, iliyopiga marufuku mafundisho hayo, ikadumu hadi 1967.

Mahakama ya Juu ya Marekani ilipobatilisha marufuku kama hizo mwaka 1968, hoja ya kumpinga Darwin ilibadili vazi: katika wilaya ya Dover, Pennsylvania, halmashauri ya shule iliagiza wanafunzi watajiwe nadharia ya kuwako msanifu mwenye akili, ambayo Jaji John Jones, Desemba 2005, aliihukumu kuwa ni itikadi ya dini, wala si sayansi. Wajumbe waliokuwa wakiitetea walikwisha kushindwa uchaguzini mwezi uliotangulia.